Unga wa Watoto Thelathini na Mmoja

Wifi yangu anafanya kazi kwenye duka la kutoa nakala, mkabala na geti la chuo alichosoma. Wanafunzi wanampelekea kazi zao azichape na kuzifunga, naye huwarekebishia makosa bila kuwaambia, kwa hiyo wengi wanadhani kompyuta yake ndiyo inayojua kuandika. Ana miaka ishirini na sita. Haongei sana. Akiulizwa kwa nini aliacha ile biashara yake, ambayo picha yake ilibandikwa hadi kwenye ukuta wa chuo, anasema, "Mambo yalinishinda," halafu anauliza unataka nakala ngapi.

Mimi nimeolewa na kaka yake. Nilikuwepo tangu biashara ile ilipoanza mpaka ilipokwisha, na mikono yangu imo. Mtaani inasimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema aliua mtoto kwa tamaa ya sifa, na wapo wanaosema alirogwa na wenzake waliomwonea wivu. Yote mawili si kweli, na iliyo kweli si nzuri zaidi.

Nyumbani walimwita Profesa tangu akiwa darasa la nne, kwa sababu alikuwa hawezi kukiona kitu bila kukipima. Mama mkwe anasimulia kwamba siku moja alimkuta uani na futi ya kushonea, anapima kuku urefu, na kuku mwenyewe ameshikwa na kaka mtu. "Nikamuuliza, unamshonea gauni? Akaniambia, mama, nyamaza, nitasahau namba."

Nilipoolewa nilimkuta yuko mwaka wa kwanza chuoni, anasomea mambo ya vyakula. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Mume wangu ni fundi wa makochi, na kochi la sebuleni alilitengeneza kwa ajili ya kuonyesha wateja. Profesa alilala juu ya kochi hilo. Mteja akija asubuhi mapema, alikuwa anaamshwa, anakunja shuka lake, anasimama pembeni na mswaki mdomoni wakati watu wanabonyezabonyeza mahali alipokuwa amelala. Hakuwahi kulalamika. Alisema, "Kaka, waambie limepimwa na mtaalamu."

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mdogo. Alipofika miezi saba, ule mstari kwenye kadi ya kliniki, unaotakiwa kupanda, ukalala. Nesi aliniuliza mbele ya akina mama wote, "Mama, huyu unamlisha nini, hewa?" Wakacheka. Nilirudi nyumbani nimemfunika mtoto uso kama mtu aliyeiba. Profesa akaichukua ile kadi, akaitazama muda mrefu kama karatasi ya mtihani.

"Wifi, huyu tumbo lake limejaa," akasema. "Ila limejaa maji na mahindi matupu."

Akaanza kuchanganya. Mahindi, soya, karanga, akipima kwa mizani ya jikoni na kuandika kwenye kalenda ya ukutani. Mara ya kwanza mtoto alitema. Mara ya pili aliharisha. Mara ya nne alimaliza kikombe akakishika asitake kukiachia. Baada ya miezi miwili mstari ulipanda, na nesi yuleyule akaniuliza, kwa sauti ya chini safari hii, nampa nini. Tangu siku hiyo Profesa alimwita mwanangu Bosi. Akirudi chuoni neno la kwanza lilikuwa, "Bosi amekula vijiko vingapi?" Ndivyo unga ule ulivyoanza. Wanaosema tamaa hawakuwepo.

Mwaka wa tatu alichaguliwa kuingia kwenye kituo cha chuo kinacholea biashara changa za wanafunzi. Alirudi na fulana mbili zenye nembo, akatueleza wakati wa kula.

"Kinaitwa kituo atamizi, mama."

"Atamizi? Kama kuku anavyoatamia mayai?"

"Ndiyo maana yake hiyo."

"Na anayewaatamia ni nani?"

"Yupo mratibu."

"Mwanamke?"

"Mwanamume."

Mama mkwe akatafuna, akameza. "Basi hamtaanguliwa," akasema, na mume wangu akapaliwa na maji.

Kituo chenyewe kilikuwa jengo refu, zamani stoo ya viti vya mitihani, wakalipaka rangi nne na kuweka vioo badala ya kuta. Kila mradi ulikuwa na meza yenye namba. Meza ya Profesa ilikuwa ya kumi na moja. Nyuma kulikuwa na chumba cha kazi, chenye kikaangio kikubwa cha umeme na mashine ya kusaga. Alinichukua mimi niwe mchambuaji wa karanga. Nilikaa chini kwenye mkeka, ungo mapajani, Bosi amelala kwenye boksi nyuma yangu.

Kwetu tulilima karanga, na kazi hiyo naijua kwa vidole. Karanga mbovu ni nyepesi, ngozi yake inateleza, na mara nyingi kidole kimeshaitupa kabla sijaitazama. Katika kila debe tano, karibu debe moja lilikuwa linaishia kwenye ndoo ya takataka. Zilizooza, zilizoota ukungu, zilizopauka, zilizosinyaa, zote pamoja, na jioni tulizimwaga shimoni. Hatukuwapa hata kuku. Profesa alikuwa akipita ananiambia, "Wifi, wewe ni mashine. Tatizo lako ni moja tu, unakula chakula cha mchana."

Mratibu alikuwa mtu wa sauti laini, shati limenyooshwa mpaka makunyanzi yanaogopa kusogea. Alimwita kila mtu mjasiriamali. Hata mimi na ungo wangu, "Mjasiriamali, habari ya leo?" Kila mwisho wa mwezi alipita na fomu, akagonga meza mara mbili kwa kidole, ndipo anaanza kuuliza. Fomu ilikuwa na safu nyingi, na mojawapo iliuliza: katika kila mia ya malighafi, ngapi zinapotea? Yule kijana wa meza ya tano, aliyekuwa anafufua betri kuukuu, alikuwa anapoteza mbili. Profesa alikuwa anapoteza kumi na tisa.

"Mjasiriamali," Mratibu akamwambia, "wewe unamwaga biashara shimoni."

"Hizo ni mbovu, sir."

"Fomu haiulizi kama ni mbovu. Inauliza zimeenda wapi."

Miradi ilikuwa ishirini. Katikati ya mwaka ilitakiwa kubaki kumi na miwili. Orodha ilibandikwa kwenye kioo cha mlangoni, na Profesa alikuwa wa kumi na nne.

Siku ya pili yake alikuja chumba cha kazi, akakaa chini na fulana yake ya kituo, akaimwaga ile ndoo ya takataka juu ya ungo. Akazitenga mafungu mawili. Huku nyeusi na zenye ukungu. Huku zilizosinyaa na kupauka. Fungu la pili lilikuwa kubwa zaidi.

"Hizi zimeoza, sawa," akasema. "Hizi nazo zimekosa nini? Zimesinyaa tu. Hata sisi tukizeeka tutasinyaa."

"Wifi, kwetu hizo hatumpi mtoto. Ni chungu."

"Zinakaangwa. Moto unaua ukungu wote."

"Labda. Mimi nasema tulivyolelewa."

"Nakuelewa, wifi. Lakini nikitolewa hapa mwezi ujao, hakutakuwa na unga wa kumpa mtoto yeyote, wa karanga nzuri wala mbaya."

Sikubishana tena. Yeye alikuwa anasoma vyakula chuo kikuu, mimi niliishia darasa la saba. Vidole vyangu viliendelea kuzikataa kwa siku mbili tatu, kila nikijisahau nazitupa, kisha vikazoea. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa aibu, kwamba vilizoea. Baada ya yote, Profesa aliniambia kuwa jambo lile lilikuwa kwenye daftari lake la mwaka wa pili, kwa mwandiko wake mwenyewe: ukungu hufa kwa moto, sumu yake hubaki. Alilisoma kwa ajili ya mtihani na akalipata. Siku ile kwenye ungo halikumjia. Au lilimjia akalifukuza, mwenyewe anasema hajui.

Kumi na tisa ikawa sita. Kutoka wa kumi na nne akawa wa saba. Wakampiga picha ameshika pakiti, wakaibandika kwenye ukuta wa nje, kubwa kama mlango. Mama mkwe alikwenda kuitazama mara mbili na mara zote alirudi akisema wamemfanya mweusi mno.

Baada ya hapo lilikuja jaribio. Kabla ya siku ya majaji, kila mradi ulitakiwa kuonyesha watu wanaokitumia kitu chake kweli. Profesa alihitaji akina mama thelathini, watoto wao wanywe uji wa unga ule asubuhi na jioni kwa wiki tano, na yeye awapime. Akina mama niliwatafuta mimi, mitaa yetu hii, kwa sababu mimi wananijua. Jina langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha. La thelathini lilikuwa la Mama Pacha, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na kufua nguo za watu. Alipopewa pakiti moja aliitazama, akatutazama.

"Sasa nimpe nani, nimnyime nani? Au wanywe kwa kupokezana siku?"

Profesa akacheka, akampa mbili, akaandika kwenye daftari: mama thelathini, watoto thelathini na mmoja.

Kila Jumamosi nilipeleka pakiti nyumba kwa nyumba, na Profesa alifuata na mizani. Watoto walinenepa. Hilo ni kweli pia na lisifutwe. Mama Pacha alimbeba pacha mdogo, yule aliyezaliwa wa pili na siku zote alikuwa dhaifu, akamwambia Profesa, "Mgongo wangu unakushitaki. Huyu sasa ni gunia." Pacha mdogo alikuwa na tabia ya kushika sikio la mtu anayembeba. Alishika la Profesa, akagoma kuliachia hata wakati wa kupimwa, ikabidi wapande mizani wote wawili, kisha Profesa atoe uzito wake.

Wakati huohuo alikuwa amepeleka unga maabara ya serikali, kwa ajili ya kibali. Majibu yalikuja wiki ya tano, siku ya Jumatatu, mchana. Aliifungua bahasha akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kazi. Barua ilikuwa na mistari michache tu. Aliisoma, akainua macho, akaniuliza, "Wifi, Bosi alikunywa uji asubuhi?"

"Alikunywa."

"Alimaliza?"

"Kikombe kizima."

Akakaa juu ya gunia la karanga, kisha akainuka haraka kama aliyekalia moto.

Alinieleza taratibu, kwa maneno yangu. Kuna sumu inayoachwa na ukungu ndani ya karanga, inaitwa sumukuvu. Haionekani, na haitoki kwa moto. Inakula ini, na ya mtoto inakula upesi zaidi. Kuna kiasi kinachoruhusiwa, na unga wetu ulikuwa umekizidi mara nyingi, akaitaja namba, nami nikaona ni namba ya kitu kingine, si ya chakula.

"Zile zilizosinyaa," nikasema.

"Ndiyo."

Tukaenda kwa Mratibu wote wawili, mimi nimeshika orodha ya akina mama kifuani na Bosi mgongoni. Aliisoma barua mara mbili. Akagonga meza mara mbili.

"Mjasiriamali, kaa. Haya ni majibu ya unga uliosagwa siku moja. Si majibu ya biashara."

"Sir, wanaunywa sasa hivi."

"Wameunywa wiki ngapi?"

"Nne zimeisha. Hii ni ya tano."

"Majaji wanakuja Jumatatu ijayo. Wiki moja. Wameshaunywa wiki nne, wiki moja itaongeza nini?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemsaidia mwingine kubeba mzigo. "Jumamosi unawabadilishia pakiti, unawapa za karanga safi. Unasema mfuko umebadilika. Majaji wakiondoka tunawaita akina mama hapa, kistaarabu, na daktari, tunawaeleza. Ukitangaza leo, utawatia hofu bure na utafunga meza zote kumi na mbili, si yako peke yake."

Halafu akanigeukia mimi. "Sivyo, mjasiriamali?"

Nilikuwa natazama zulia.

Nje, chini ya ile picha yake, Profesa alinishika mkono. "Wifi, nipe mpaka Jumamosi. Nitazichambua mwenyewe, moja moja. Jumamosi hakuna atakayebaki na ule unga. Nipe siku hizo tu."

Nikampa. Sababu ninazo: alimwinua mwanangu wakati mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, naishi chini ya paa la mama yake, na kulikuwa na mtu mzima mwenye shati la kunyooka aliyesema wiki moja haiongezi kitu. Zote ni sababu za kweli. Jioni hiyo niliimwaga pakiti yetu chooni, nikamwaga na maji juu yake.

Jumanne asubuhi nilipita kwa Mama Pacha nikienda bombani. Alikuwa anakoroga sufuria mlangoni, pacha wote wawili wamekaa kwenye beseni tupu wanapiga kelele na vijiko.

"Karibu uji, dada."

"Nimeshiba," nikasema.

Jumatano na Alhamisi nilizunguka njia ya nyuma, na ndoo kichwani, ingawa ni ndefu na ina matope. Profesa alitoka alfajiri, akarudi vidole vimevimba, akala bila kutazama sahani. Mama mkwe alimuuliza kama amegombana na mchumba. "Sina mchumba, mama." "Basi mtafute mgombane, utoe hilo donge."

Jumamosi tulitoka na pakiti mpya kwenye boksi. Tukaanza na Mama Pacha kwa sababu ni karibu. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani yake, mwanamke anayeuza mkaa, akatuambia bila kuacha kupima mkaa wake: pacha mdogo alikataa kula jana mchana, akatapika, jioni macho yakageuka ya njano kama kiini cha yai. Wako hospitali. Mkubwa kaachwa kwa bibi.

Profesa akaliweka boksi chini. Nilidhani atalia. Alitoa kalamu mfukoni, akaichukua orodha mkononi mwangu, akasema, "Tunaanza na namba mbili. Tunawaambia ukweli, wifi, na kila mtoto aende hospitali leo. Nitasema mimi. Wewe simama tu."

Tulitembea siku nzima. Nyumba ya kwanza mama alituzomea mpaka watu wakatoka nje. Ya pili alitusikiliza, akampa mtoto maji, akatuuliza kama pakiti mpya bado zinatolewa. Mmoja alikuwa amempelekea dada yake nusu ya unga, mji mwingine, na hakuwa na simu yake. Mmoja alikataa katakata kuurudisha. "Tazama mashavu haya," akasema, akimwinua mwanawe. "Yametoka wapi, kwenye sumu? Nyinyi mmeona umetufaa, sasa mnataka kuuza kwa wenye hela." Profesa alimpigia magoti, uani, mbele ya watu, mpaka akautoa. Mama mwingine, mtu mzima kuliko wote, alimvua mtoto shati, akamtazama macho, ulimi, viganja, tumbo, akamvisha tena, akafunga nyumba, akaondoka kwenda hospitali akituacha tumesimama.

Simu ya Profesa ililia tangu saa sita mchana. Alikuwa Mratibu. Hakuipokea. Mwishowe akaizima.

Jumatatu majaji walikuja, meza ya kumi na moja ilikuwa tupu. Aliyeshinda alikuwa yule kijana wa betri. Nasikia ile picha ilibanduliwa kabla ya saa nne, na Mratibu akawaambia majaji kwamba mradi ule ulijiondoa wenyewe kwa sababu za kifamilia. Chuo kilimsimamisha Profesa mwaka mmoja. Ulipokwisha, hakurudi.

Nyumbani mume wangu hakumlaumu wala hakumtetea. Aliendelea kupigilia misumari kwenye viti, kwa nguvu kuliko kawaida. Mama mkwe ndiye aliyesema. "Watoto wanaumwa kila siku. Nani aliwatuma mkaseme? Nani angejua?" Alimwambia Profesa, lakini alikuwa ananitazama mimi, kwani aliamini mimi ndiye niliyemshawishi. Laiti ingekuwa hivyo.

Watoto ishirini na tisa walipimwa wakaruhusiwa kurudi nyumbani, wanne kati yao wakaambiwa warudi kila mwezi. Bosi ni mmoja wa hao wanne. Mpaka leo akicheka juani namgeuza nimtazame macho, naye amezoea, anayatoa wazi mwenyewe na kusema, "Meupe, mama?" Wa thelathini, pacha mkubwa, alilazwa siku tatu akapona. Pacha mdogo alikufa Jumatano. Daktari alisema ni ini. Aliulizwa kama ni unga, hakusema ni unga, wala hakusema si unga. Alisema mtoto alizaliwa dhaifu, na kwamba mambo yanayoharibu ini ni mengi.

Msibani hatukwenda. Mama mkwe alikwenda kwa niaba yetu, akakaa nyuma, akarudi.

Siku ya tisa baada ya maziko Profesa alisema anakwenda. Nikamwambia hatakwenda peke yake. Tulimkuta Mama Pacha amekaa ndani juu ya kitanda, pacha mkubwa amelala mapajani. Nguo za watu zilikuwa kwenye beseni, zimelowekwa, hazijafuliwa. Hakutukaribisha na hakutufukuza. Tukakaa chini.

Profesa alisema alichokuja kusema. Kwamba karanga zile alizipitisha yeye. Hakutaja fomu, hakumtaja Mratibu. Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho, anampangusa mtoto jasho la shingoni kwa kidole gumba.

"Mlikuja kwangu Jumamosi," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Mkakuta kufuli."

"Ndiyo."

"Wewe ulijua lini?"

Ilikuwa rahisi kusema Ijumaa. Nilimwona anavyopumua, na kwa muda huo mfupi, Mungu anisamehe, nilitamani aseme Ijumaa. Hakuna aliyeiona ile barua zaidi yetu na Mratibu, na Mratibu asingesema.

"Jumatatu," Profesa akasema. "Jumatatu mchana."

Mama Pacha akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa njia. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe?"

"Siku hiyohiyo. Nilikuwa naye."

"Wako alikunywa mpaka lini?"

Profesa alifungua mdomo. Nilimwahi, kwa sababu hilo halikuwa lake.

"Jumatatu asubuhi," nikasema. "Jioni niliumwaga."

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hata kupigwa. Aliunyoosha mkono wake wa kulia, ule usiomshika mtoto, akaanza kukunja vidole.

"Jumatatu jioni," akasema. "Jumanne asubuhi. Jumanne jioni. Jumatano asubuhi. Jumatano jioni." Ngumi ikajaa. Akaifungua, akaanza upya na kidole cha kwanza. "Alhamisi asubuhi. Alhamisi jioni alibakiza, nikamalizia kumpa kwa kijiko. Ijumaa asubuhi alikuwa hataki. Nikambana pua akameza."

Akavitazama vidole vitatu alivyovikunja.

"Vikombe vinane," akasema.

Profesa alikuwa ameinama mpaka paji la uso linakaribia sakafu. Nje mtu aliburuta kiti.

"Nataka nimlaze huyu," Mama Pacha akasema.

Tukainuka. Alituacha tutoke, akaja nyuma yetu na mtoto begani, akausukuma mlango taratibu, ukafunga bila sauti, ili asimwamshe.